Maji Yaliyosubiri Amina

Amina.

Msishangae kuona nimeanza na neno la mwisho. Ndivyo sala zinavyoanza siku hizi katika nchi yetu, kwa agizo la Wizara ya Uzalendo na Shangwe, na mimi ni mtu wa sala na mtii wa maagizo. Nitawaeleza ilikuwaje hadi tukafika hapa. Nitaeleza polepole, kwa maneno ya kawaida, kwa sababu kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la Mwalimu Kajiru, na yeye alitufundisha kwamba sentensi fupi haina mahali pa kuficha uongo.

Nchi yetu ni nzuri sana. Mnaweza kumuuliza yeyote, mradi mumuulize hadharani.

Mji wetu wa Kilembwe ulipata mradi wa maji. Tulijua umekamilika kwa sababu redio ilitangaza hivyo, tena ilitangaza kabla haujaanza, jambo ambalo nasikia hata nchi tajiri hazijaliweza. Bomba la shaba lilisimikwa katikati ya uwanja wa mikutano, likafunikwa kitambaa chenye rangi za bendera. Akawekwa askari wa kulilinda, lisije likaibiwa au likachunguliwa.

Kitu kimoja tu kilipungua, nacho ni maji.

Basi wakaja wataalamu wa Wizara. Hawakuchimba wala hawakufukua. Walituwekea mashine moja ndogo vifuani, wakasikiliza, wakatikisa vichwa. Kisha wakatueleza walichogundua: katika nchi yetu presha ya maji hutokana na uzalendo. Wananchi wakishangilia kwa moyo wote, maji hupanda. Wakinung'unika, maji husikitika na kurudi ardhini.

Tukaanza mazoezi ya kushangilia kila alasiri, tukisimamiwa na Bwana Ngoda, Afisa Shangwe wa Wilaya, aliyekuwa na filimbi shingoni na jasho la mtu anayeipenda kazi yake. Wanawake tulitoka mtoni Kwamndee na ndoo kichwani, tukazitua pembeni mwa uwanja, tukashangilia ujio wa maji, tukajitwisha ndoo zetu, tukaenda kupika.

"Vigelegele!" Bwana Ngoda alipiga kelele siku moja. "Makofi! Tena! Nyie wa nyuma mnanishushia presha!"

Siku hiyo Mwalimu Kajiru alikuwa amesimama karibu nami, vidole vikiwa bado na vumbi la chaki. Alinyoosha mkono, kama alivyotufundisha kunyoosha darasani.

"Ndugu Afisa, samahani. Tunashangilia nini?"

Makofi yakakatika. Hata kuku aliyekuwa akiparua karibu na jukwaa aliacha.

"Rudia," alisema Bwana Ngoda.

"Nauliza tunashangilia nini. Nikijua, nitashangilia vizuri zaidi."

Walimchukua palepale. Kosa lake lilisomwa kwa kipaza sauti ili sote tujifunze: kuuliza swali wakati wa shangwe.

*

Katika nchi nyingine, nasikia, jambo likiharibika humtafuta mhusika kwa miaka mingi na wasimpate. Sisi tuna Idara ya Uwajibikaji, na kazi yake ni ya haraka. Kwanza hupatikana mhusika, halafu ndipo hutafutwa kilichoharibika.

Kwa hiyo Mwalimu alipofikishwa kituoni tu, ilibainika kwamba yeye ndiye aliyekuwa anazuia maji ya Kilembwe.

Mkewe Nakiete ni jirani yangu. Tunagawana ukuta na mara nyingi chumvi. Nilimsindikiza kupeleka chakula. Mkuu wa kituo, Afande Mkwizu, alitupokea kwa adabu kubwa, akafunua bakuli, akala nyama moja kwa ajili ya usalama.

"Shemeji," alimwambia Nakiete, "usiwe na wasiwasi. Kila kitu kitajulikana siku ya uzinduzi. Maji yakitoka, itathibitika kwamba ni yeye aliyekuwa anayazuia, maana sasa yuko ndani na yametoka. Hapo atapelekwa Nyumba ya Mafunzo ya Uzalendo."

"Na yasipotoka?"

"Yasipotoka, itathibitika kwamba anayazuia hata akiwa ndani. Huyo ni hatari zaidi. Atapelekwa palepale, ila tutaharakisha."

Nakiete alishika ukingo wa meza. "Na hayo mafunzo, watu huhitimu lini?"

Afande Mkwizu alifikiri kwa uaminifu. Si mtu mbaya. Hawazi sana, basi.

"Bado hajahitimu mtu," alisema.

Kupitia dirisha dogo la mahabusu tulimwona Mwalimu. Alikuwa amekonda mashavu. Hakulalamika. Alimuuliza mkewe kama paa limeacha kuvuja, kisha akaniuliza mimi kama darasa linaendelea.

"Linaendelea, Mwalimu. Tunasoma wenyewe."

"Vizuri. Msiache kunyoosha mikono," alisema, na askari akafunga dirisha.

*

Kila uzinduzi katika nchi yetu hufunguliwa kwa sala. Sala hulindwa na sheria aliyoitia saini Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe, baada ya mtu fulani kukohoa wakati jina lake likibarikiwa. Sheria hiyo inasema sala ikianza, kila raia afumbe macho hadi Amina ya mwisho. Atakayeikatiza sala kabla ya Amina ni msaliti wa nchi. Tena inasema kila litamkwalo ndani ya sala ni kweli, na serikali haiwezi kulikanusha. Kipengele hicho kiliongezwa kwa sababu katika sala za taifa Mtukufu husifiwa sana, na Wizara haikutaka mabishano.

Watu wa usalama pekee ndio wanaoruhusiwa kufumba jicho moja.

Siku za uzinduzi zilipokaribia, viongozi wetu wa dini walipatwa na mikosi. Sheikh alishikwa na jino. Mchungaji akaitwa na ndugu zake wa mbali, wa mbali sana. Padre akapotewa na sauti, akawa anatueleza kwa mikono kwamba imepotea. Sikuwalaumu. Ni vigumu kumshukuru Mungu kwa maji huku umeona bomba linapoishia: pale nyuma ya jukwaa, kwenye udongo, limezibwa kwa gunzi la mahindi.

Ndipo Bwana Ngoda akaja kwangu nikipepeta mchele.

"Mama Eliwaza, Taifa linakuita."

"Linataka nini kwangu, baba?"

"Sala. Nasikia kila mtu akiugua mtaa huu anakuita wewe."

"Wananiita kwa sababu dawa hakuna."

Alikohoa, akaangalia huku na huku. "Hayo tusiseme. Sala yenyewe ipo tayari. Imeandikwa Wizarani, imegongwa muhuri. Wewe ni kuisoma tu. Au bado hujajua kusoma?"

"Najua. Mwalimu Kajiru alinifundisha."

Hilo halikumfurahisha, lakini hakuwa na mtu mwingine. Akanipeleka uwanjani kwa mazoezi. Akanionyesha mahali pa kusimama, mbele ya kipaza sauti, karibu na bomba. Kisha, kwa kuwa alijivunia sana ubunifu wake na hakuwa amepata mtu wa kumwonyesha, alinishika mkono akanizungusha nyuma ya jukwaa.

Pale, chini ya makuti na majani ya migomba, lilikuwa limefichwa boza kubwa la maji. Mpira ulitoka kwenye boza ukaingia kwenye bomba la shaba. Gunzi lilikuwa limeshatolewa. Dereva alikuwa amelala chali kivulini, mkono mmoja kwenye koki.

"Wewe unasema Amina," alinong'ona Bwana Ngoda. "Watu wote wanaitikia Amina. Kijana wetu akisikia Amina ya watu wote, anafungua koki. Mtukufu anavuta kitambaa, anafungua bomba, maji hayo! Presha ya uzalendo! Redio inarusha moja kwa moja nchi nzima. Umeona?"

"Nimeona, baba. Na Mwalimu Kajiru?"

"Nani?"

"Mhusika."

"Ah. Huyo gari lake limeshatiwa mafuta."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Nakiete kila kitu. Hakulia. Alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua mpaka yakabaki mabua matupu.

"Kwa hiyo wewe ukisema Amina," alisema, "mume wangu ndiyo basi."

"Ndiyo."

"Na usiposema?"

"Sijui. Hakuna mtu aliyewahi kutosema."

*

Siku ya uzinduzi jua liliwahi kuliko wageni. Tulipangwa uwanjani tangu asubuhi tukiwa na bendera za karatasi. Ndoo zilipigwa marufuku, kwa kuwa mtu mwenye ndoo tupu anaonekana kama anauliza kitu. Chupa za maji nazo zilipigwa marufuku, hata meza kuu. Bwana Ngoda alisema kuleta maji ya chupa mbele ya bomba ni kulitukana bomba.

Mtukufu alifika na ving'ora vyake. Alivaa koti zito la sufu alilozawadiwa na nchi moja ya baridi, na juu yake medali, nyingine alizojipa mwenyewe, nyingine alizojipokelea. Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema uzalendo hauulizi. Alisema uwajibikaji ni kila mtu kuwajibika kwa mwenzake wa chini, mpaka afikiwe yule asiye na wa chini yake, na huyo ndiye awajibike kwa niaba ya wote. Tulipiga makofi.

Kando ya uwanja, kwenye kivuli cha mti pekee uliobaki, niliona gari la polisi lenye wavu madirishani. Nyuma ya wavu palikuwa na uso. Nakiete alikuwa amesimama kati yangu na gari lile, mikono kifuani.

"Na sasa," alitangaza Bwana Ngoda, "kabla Mtukufu hajatufungulia maji, sala! Macho tufumbe!"

Macho yakafumbwa. Kelele zote zikakatika kama taa.

Nilisogea kwenye kipaza sauti. Sikuwa na mpango wowote, nasema kweli. Nilisoma yale ya muhuri yote: tunakushukuru kwa kumpa Mtukufu wazo la maji, tunakushukuru kwa shaba, tunakuomba presha izidi leo na siku zote. Nikafika mwisho. Nikasikia uwanja mzima unavuta pumzi kwa ajili ya Amina. Nyuma ya jukwaa nikasikia chuma kinagusa chuma: dereva ameshika koki.

Neno lilikuwa juu ya ulimi wangu.

"Na tena, Bwana," nikasema.

Uwanja ukaachia pumzi.

"Na tena, Bwana, bariki jukwaa hili. Bariki viti. Bariki turubai na kamba zake. Bariki kitambaa hiki na fundi aliyekishona. Bariki filimbi ya Bwana Ngoda."

"Asante, inatosha," alinong'ona Bwana Ngoda. Kunong'ona hakuhesabiwi kukatiza.

"Bariki na barabara iliyomleta Mtukufu, ambayo ilipakwa lami jana, na ambayo kesho itakuwa imekwisha."

"Mama Eliwaza! Malizia!"

"Bwana, nasikia sauti inaniambia nimalize. Kama ni yako, nipe ishara. Kama ni ya Bwana Ngoda, msamehe."

Mahali fulani katikati ya watu mtu alicheka kwa pua, akajizuia. Nikasikia buti zikija. Zilisimama nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya dawa ya viatu. Askari kijana akauliza:

"Afande, tumchukue?"

"Bado anasali," alisema Afande Mkwizu kwa sauti ya chini. "Akisema Amina tu, hapo hapo."

Basi nikajua. Neno lile lilikuwa na minyororo miwili sasa, mmoja wa Mwalimu na mmoja wangu. Nikaendelea kusali, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichobaki nacho, na kwa sababu niligundua kwamba nikiwa naongea na Mungu sina sababu ya kumdanganya.

"Bwana, wewe huhitaji macho kufumbwa ili usione. Unajua tunachota Kwamndee pamoja na ng'ombe. Unajua kina mama waliozikwa mwaka huu kwa kuharisha, na redio ikasema wamesafiri. Unajua bomba hili lilikotokea na linakoishia. Kuna mtu mmoja aliuliza swali, nasi tuliosimama naye tukaangalia chini. Yuko kwenye gari lile. Anaitwa Kajiru. Ndiye aliyenifundisha kusoma hata haya maneno ya muhuri niliyokusomea sasa hivi. Bwana, sitaimaliza sala hii mpaka awe amesimama hapa."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeweza. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza redioni, macho yamefumbwa jikoni, ofisini na mashambani, na madereva wameegesha kando ya njia. Jua lilipanda juu ya vichwa vyetu likakaa.

*

Koti la sufu ni zuri katika nchi za baridi. Nilianza kumsikia Mtukufu akihema.

"Ngoda," alisema. "Maji."

Kipaza sauti kilidaka neno hilo na kulipeleka nchi nzima.

"Bado kidogo, Mtukufu," alinong'ona Bwana Ngoda. "Amina bado."

"Nimesema maji."

"Chupa tuliziondoa, Mtukufu. Kwa heshima ya bomba."

"Basi bomba liko wapi?"

Sheria haimruhusu mtu yeyote kuikatiza sala, lakini wanasheria wa Wizara walishaeleza zamani kwamba Mtukufu hawezi kuikatiza sala, anaweza tu kuichangia. Nikamsikia akipapasa. Medali ziligongana. Kitambaa kiliteleza kikaanguka. Mkono ulishika shaba, ukazungusha.

Bomba lililia. Likatoa upepo mrefu, kama mtu mgonjwa anayejaribu kusema jambo. Kisha likanyamaza. Waliokuwa na ruhusa ya jicho moja walisimulia baadaye kwamba alitoka buibui, akatazama umati, akarudi ndani.

Sisi hatukuona kitu. Lakini macho yakiwa yamefumbwa masikio hufanya kazi mara mbili, na hapakuwa na mtu nchini ambaye hakusikia ule upepo.

"Kwa nini hayatoki?" aliuliza Mtukufu.

Dereva wa boza nadhani hakuthubutu kuizungusha koki, maana yeye aliambiwa Amina na hakuambiwa kingine.

"Bwana," nilisema, "umesikia. Hii bado ni shangwe, na Mtukufu ameuliza swali. Kama swali hushusha presha ya maji, basi sasa wahusika ni wawili, na gari ni moja. Na kama swali si kosa, basi gari lile halina mhusika. Sisi ni wajinga, Bwana. Tuonyeshe ni lipi kati ya hayo."

"Afande," alisema Mtukufu polepole, "sheria inasemaje?"

"Mtukufu, kwa mujibu wa sheria, yeyote atakayeuliza..." Afande Mkwizu aliishia hapo. Kwa mara ya kwanza nadhani alikuwa anawaza, na haikuwa kazi rahisi.

"Yeyote atakayeuliza, nini?"

"Hakuna, Mtukufu."

"Huyo wa kwenye gari aliuliza nini?"

"Aliuliza tunashangilia nini, Mtukufu."

"Mkamjibu nini?"

"Tulimkamata, Mtukufu."

Mtukufu alihema ndani ya koti lake. Sidhani kama moyo wake uligeuka, na sitaki kumsingizia wema. Alikuwa na kiu, na redio ilikuwa wazi.

"Leo maswali ni ruhusa," alisema. "Mleteni, mama huyu anyamaze."

Nikasikia mlango wa gari, nikasikia hatua za mtu anayeburuta viatu visivyo na kamba. Nakiete alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua kidole.

"Mama Eliwaza," alisema Mwalimu Kajiru karibu na bega langu. Sauti ilikuwa imekauka. "Niko hapa."

"Bwana, nimemsikia. Sasa naomba kujua: ameachiwa, au ameletwa tu?"

Nikasikia medali zikigongana tena.

"Ameachiwa," alisema Mtukufu.

"Bwana, umelisikia neno hilo, limetamkwa ndani ya sala. Na litamkwalo ndani ya sala ni kweli, na serikali haiwezi kulikanusha."

Nikasikia kalamu ya Bwana Ngoda ikianguka.

*

Sasa ilikuwa zamu ya Amina. Watu wote waliisubiri. Dereva aliisubiri na koki yake, na nilijua kwamba maji yakitoka tu, kesho yake wataalamu wangerudi na mashine yao kuthibitisha lolote. Askari kijana aliisubiri na pingu zake. Nilizisikia zikilia mkononi mwake kama funguo. Sauti yangu ilikuwa imebaki uzi. Mtu hawezi kusali bila kukoma. Hata yule mtume aliyesema tusali hivyo, nadhani alipumzika kula.

Nilifungua mdomo, hapakutoka kitu.

"Na tena, Bwana," ilisema sauti.

Haikuwa yangu. Mkono ulikuwa begani kwangu, ukinukia mboga. Nakiete alikuwa amepanda jukwaani macho yamefumbwa, akipapasa njia, na hakuna aliyeweza kumzuia, maana alipanda akisali.

"Na tena, Bwana, paa letu bado linavuja," alisema. "Na mume wangu umemrudisha bila kamba za viatu. Nakushukuru kwa mume. Kamba za viatu wanazo wao, wakumbushe."

Alinisukuma taratibu pembeni. Nikaelewa. Nikashika ukingo wa jukwaa, nikashuka, macho nimeyafumba. Buti zilinifuata hatua chache, kisha zikasita, maana sala ilikuwa inaendelea na mimi nilikuwa ndani yake kama watu wengine wote.

Nakiete alipochoka, mzee mmoja muuza makaa alidakia kutoka uwanjani: na tena, Bwana, kuhusu mwanangu aliyechukuliwa wakati wa mazoezi ya bendera. Baada yake mkunga wa zahanati. Baada yake mtu ambaye hakutaja jina, aliyesema kwa muda mrefu na kwa sauti ndogo, tukamwacha. Kila mmoja alikuwa na lake, na lote lilitamkwa ndani ya sala, na lote likawa kweli.

Mtukufu aliondolewa kinyumenyume hadi kwenye gari lake, dereva wake akiwa na ruhusa ya jicho moja. Nasi tukaanza kutawanyika, mmoja mmoja, tukishikana mabega, tukisali. Mwalimu Kajiru alikwenda nyumbani akiwa amemshika mkewe kiunoni. Jioni ile kila nyumba ya Kilembwe ilikuwa na mtu anayesema na tena, Bwana.

Amina haikusemwa.

*

Wizara iliumia sana. Ilikaa, ikatafakari, ikagundua kosa lilikuwa wapi: Amina ilikuwa imewekwa mbali mno. Ndipo likatoka agizo kwamba kuanzia sasa kila sala katika nchi ianze na Amina, ili jambo hilo liishe mapema na lisiachwe mikononi mwa raia.

Tulitii. Uzinduzi ukarudiwa, safari hii na Bwana Ngoda mwenyewe akisali. Alisema Amina, watu wakaitikia Amina, dereva akafungua koki kabla sala yenyewe haijasomwa, na bomba lilikuwa wazi tangu siku ile. Maji yakaruka juu yakiwa na kitambaa chake, yakalowesha bendi, yakatiririka hadi sokoni, yakaisha kabla Mtukufu hajafika kwenye bomba. Redio ilisema presha ilikuwa kubwa kupita matarajio.

Mwalimu Kajiru amerudi darasani. Anakohoa, na anafundisha. Juzi tulipokuwa tukisoma sheria za nchi kama zoezi la kusoma, alinyoosha mkono yeye mwenyewe, mwalimu mzima, akatuuliza:

"Sheria ya sala inasema mtu halindwi tena baada ya nini?"

"Baada ya Amina ya mwisho," tuliitikia.

"Na siku hizi Amina iko wapi?"

Iko mwanzoni, na mwishoni haipo tena ya kumtoa mtu kwenye sala. Tulitazamana. Katika nchi nyingine labda wangeshangilia. Sisi tulifungua madaftari yetu, kila mmoja akaandika neno moja juu ya ukurasa, akaanza kuandika chini yake.

Mimi nimeandika haya. Ni kweli yote, kwa mujibu wa sheria. Nimekaa mlangoni kwangu, na ng'ambo ya barabara amekaa Afande Mkwizu kwenye kigoda, jicho moja amelifumba, pingu ziko magotini. Ni mtu mwenye subira. Anangoja nimalize.

Na tena, Bwana,